Kinyama cha Mzee Masalu

Mzee Masalu wa Didia ni dalali wa ng'ombe, na kazi hiyo miaka yote aliifanya kwa mdomo pande zote mbili: kwa mdomo aliwauza, na kwa mdomo aliwala. Siku ya mnada, akishamkutanisha mwenye ng'ombe na mnunuzi, hakwenda nyumbani. Alipitia banda la Edson, mchoma nyama, akakaa kwenye benchi, na Edson bila kuuliza alimkatia ubavu wenye mafuta, akaurudisha motoni mpaka kingo ziwe nyeusi. Masalu alipenda hasa pale palipoungua. Alisema nyama isiyolia mdomoni haijaiva.

Nyumbani nako ilikuwa nyama. Asubuhi supu, jioni mchuzi. Siku mkewe Martina alipopika nsansa, yale majani ya kunde yanayochemshwa, yakaanikwa juani, kisha yakaungwa kwa karanga, Masalu aliitazama bakuli kama mtu aliyeletewa wito wa mahakama.

"Mama Hosiana," alisema, "ng'ombe anakula majani, mimi namla ng'ombe. Hayo majani nimeshayala."

Martina alicheka mara ya kwanza alipoyasikia maneno hayo. Wakati huo alikuwa bado haitwi Mama Hosiana; huyo binti yao alikuwa hajazaliwa. Baadaye aliacha kucheka, akawa anapika nsansa yake kwenye sufuria ndogo na kuila peke yake jikoni, na sisi majirani tulipopita alitukaribisha, kwa sababu nsansa ya Martina inajulikana mtaa mzima. Aliyekuwa haijui ni mumewe.

Mwaka jana, choroko zilipokwisha kuvunwa, Masalu alianza kukawia chooni. Aliona damu. Hakumwambia mtu. Alijiambia ni pilipili ya Edson, akaacha pilipili, damu haikuacha. Akajiambia ni bawasiri, akanunua mnadani chupa ya unga wa majani ambao muuzaji, kwa kipaza sauti, alisema unatibu magonjwa arobaini. Masalu alikunywa. Hatujui yale magonjwa mengine, lakini usiku na mchana ule unga ulimkimbiza nyuma ya nyumba mpaka akazoea njia hata akiwa amefumba macho.

Aliyegundua ni Martina, kwa sababu yeye ndiye anayefua, na mtu anayekufulia humfichi jambo muda mrefu.

"Baba Hosiana, hii ni nini?" aliuliza, ameshika chupi yenye doa la damu.

"Nilikalia kitu."

"Ukakalia kitu kikapita suruali bila kuiacha na doa?"

Kesho yake wakaenda kupima. Zahanati wakawatuma Shinyanga mjini, Shinyanga wakawatuma Mwanza, na Mwanza wakampa dawa ya kusafisha tumbo. Mtu aliyekuwa hajawahi kukosa mlo tangu akiwa mtoto alilala njaa, akasema kesho yake kwamba sasa anajua gunia linavyojisikia likikung'utwa. Kisha wakamdunga sindano ya usingizi na kumwingiza mrija wenye kamera ndogo kwenye ncha, wa kuangalia utumbo mpana.

Daktari aliitwa Serafina, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alipokuja kutoa maelezo, Masalu alikuwa nusu macho, nusu usingizini, na Martina amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda.

"Mzee, tumekuta kinyama kwenye utumbo. Tumekitoa."

Masalu alifikiri kidogo. "Cha mbuzi au cha ng'ombe?"

"Ni chako mwenyewe, mzee. Kimeota."

"Mimi natafuna vizuri," alisema Masalu, akasinzia.

Basi daktari akamgeukia Martina. Alimweleza kwamba vinyama vya aina ile vingine hukaa tu bila neno, na vingine, baada ya miaka, hugeuka saratani. Hicho wangekipeleka maabara, na hata kikiwa salama, mzee atatakiwa kurudi kuangaliwa tena baada ya miaka michache.

"Kimetokana na nini?" Martina aliuliza.

"Sababu huwa si moja, mama. Umri umo, ukoo umo, sigara na pombe zimo. Lakini nyama nyekundu ikiliwa nyingi na kila siku inaongeza hatari ya saratani ya utumbo. Na hizi za viwandani, soseji na wenzake, ndizo zaidi. Ile iliyobabuka kwenye mkaa nayo si nzuri. Simaanishi kila mla nyama ataugua. Namaanisha anajisogeza karibu."

"Na mboga?"

"Mboga, maharage, kunde, choroko, ugali wa dona, matunda. Vina nyuzinyuzi, vinasukuma uchafu usikae tumboni, na vina vitu vingine vinavyousaidia mwili. Wanaovila kwa wingi tunaona saratani hii inawapata kwa uchache. Ila ni chakula, mama, si dawa. Ule unga aliouziwa autupe."

"Kwa hiyo aache nyama?"

"Sijasema aache. Apunguze. Mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha kiasi, tena ya kuchemsha. Kuku na samaki hawana neno."

Kwenye maneno "sijasema aache", Masalu alifumbua jicho moja. Likaokota neno la mwisho, likafumba.

Majibu ya maabara yalipotoka yalikuwa ya heri: kile kinyama hakikuwa saratani, ila kilikuwa cha aina ile inayoweza kugeuka. Walipokwisha kukaa kwenye basi Masalu akasema, "Daktari kasema niache nyama."

Martina alifungua mdomo amsahihishe. Lakini Masalu alikuwa hajamaliza.

"Sasa, Mama Hosiana, leo utanipikia nini?"

Tangu aolewe, Martina hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yule. Alifunga mdomo. Kisha akasema, "Nsansa."

Jioni hiyo Masalu alikula yote, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho, akaiangalia.

"Umetia nini humu?"

"Karanga."

"Umeanza lini kutia karanga?"

"Tangu unioe."

Nao ukawa mwanzo wa mateso yetu. Mtu aliyeongoka uzeeni huwa hana kiasi, na Masalu aliongoka na tumbo lote. Nyama aliikataa, hata kuku na samaki akawakataa, asije akakosea njia. Nyuma ya nyumba alilima tuta la mgagani na mchicha, akawa analimwagilia asubuhi na jioni huku akiliongelesha kama ndama. Siku ya mnada alisimama mbele ya banda la Edson, palepale penye benchi lake la zamani, akawahutubia walaji.

"Edson, mwanangu, hicho unachogeuza hapo ni maradhi."

"Shikamoo mzee," alisema Edson.

"Marahaba. Mnajua utumbo mpana uko wapi ninyi?"

Watu walibeba sahani zao wakahamia upande wa pili. Wiki chache baadaye Edson alilihamisha banda zima. Kuhusu ugonjwa wenyewe, hata hivyo, Masalu alikuwa mchoyo wa maneno. Alisema tu alipimwa kwa mrija wenye kamera. Aliyeuliza mrija ulipitia wapi alijibiwa, "Ulipita," na wengi wetu tukaamini ulipitia mdomoni. Damu hakuitaja kwa mtu yeyote.

Martina, kwa upande wake, alinawiri. Kila jioni mumewe aliketi akingoja sufuria kama mgeni mwenye njaa, akisifu mlenda, akisifu choroko, akiuliza mgagani unapunguzwaje uchungu. Mara mbili tatu alitaka kumwambia ukweli. Mara zote hizo Masalu aliomba aongezewe.

Ndipo wakaja wakwe.

Hosiana, mtoto wao wa kwanza, ni fundi cherehani Kahama, na huko alikutana na Fredy, anayetengeneza pampu za kutolea maji kwenye mashimo ya wachimbaji Segese. Vijana walikubaliana, na wazazi wa Fredy wakatuma habari kwamba wanakuja Didia kujitambulisha. Baba yake, Mzee Cornel, anamiliki karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Ni mtu wa mwili, mwenye jina pale Segese, na mgeni wa namna hiyo anapokuja kwa Msukuma mwenye zizi, hakuna anayeuliza atakula nini.

Masalu alisema watakula mboga.

"Baba Hosiana," Martina alimwambia, "wakwe hawalishwi majani."

"Nimlishe mtu kitu ninachokiogopa mimi? Hao wanakuja kuwa ndugu zangu."

Neno lenyewe lilikuwa zuri, Martina akarudi kwenye masufuria. Angeweza kusema pale pale kile alichokisikia hospitalini. Lakini ingebidi aeleze kwa nini hakukisema mapema, na kwa simu walikuwa wameshaambiwa kwamba wageni wamefika Tinde, karibu kabisa na Didia.

Wageni walipokelewa, wakanawa, vyombo vikaja. Mzee Cornel alifunua hotpoti ya kwanza: ugali wa mtama. Akafunua ya pili: nsansa. Ya tatu mlenda, ya nne choroko, ya tano matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa. Akazifunika zote polepole, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mkewe, Mama Agnetha, alimgusa kwa kiwiko, lakini alikuwa amechelewa.

"Mzee mwenzangu," alisema Cornel, "mboga tunashukuru, ni nyingi. Tuanze, au tusubiri kitoweo?"

"Kitoweo ndicho hicho," alisema Masalu kwa furaha.

Cornel alitupa jicho nje. Mlango wa nyumba ya Masalu unatazama zizi, na siku hiyo ng'ombe walikuwa wamerudi mapema, wanene, wanang'aa, wamejaa mpaka mlangoni. Ng'ombe nao wakamtazama. Masalu akaanza kuwaeleza wageni habari za utumbo mpana, akaendelea nazo mlo mzima, na wageni wakala kwa adabu, ambayo maana yake ni kidogo. Lile walilolijia hawakulisema vizuri. Mzee mmoja wao alisema siku nyingine watarudi, wakaaga jua likiwa bado juu.

Siku chache baadaye Hosiana alikuja kutoka Kahama. Alimwamkia baba yake, akaketi, akachezea ncha ya kitenge.

"Baba, kwa kina Fredy wanauliza. Wanasema mtu mwenye zizi lililojaa akikulisha majani amekwambia rudi ulikotoka. Wanasema kama tumewakataa, tuwaambie tu."

Masalu alishangaa kwa dhati. "Mimi niliwaonea huruma."

"Hawakujua, baba." Akaingia ndani.

Martina alikuwa uani anapepeta choroko. Masalu alikuja akaketi kwenye kinu kilicholala, amenyong'onyea, akawa anaokota choroko zilizoangukia chini. Martina aliweka ungo.

"Daktari hakusema uache," alisema.

"Alisema. Nilimsikia."

"Ulikuwa umelala. Alisema upunguze. Nyama mara moja au mbili kwa wiki, ya kuchemsha. Kuku ule. Samaki ule."

Kuku mmoja alipita katikati yao. Masalu alimsindikiza kwa macho mpaka akaishia nyuma ya ghala.

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

"Mbona ulininyamazia, Mama Hosiana?"

"Uliniuliza nitakupikia nini. Hujawahi kuniuliza. Nikasema ngoja nikae kidogo nisikie inavyokuwa. Ikawa tamu kwangu, nikashindwa kurudi nyuma."

Masalu alitaka kukasirika. Alijaribu, tunaambiwa, hata akasimama. Lakini alikumbuka ile sufuria ndogo ya jikoni na miaka iliyopita juu yake, hasira ikakosa pa kukaa. Akaketi tena.

"Jiandae," alisema. "Kesho tunakwenda Segese."

Walipita Isaka, wakapita Buzwagi penye vilima vya udongo wa mgodi, wakabadilisha gari Kahama. Walipofika Segese, Masalu alinunua mbuzi kwa mtu wa kwanza aliyemwona, na kwa mara ya kwanza maishani alinunua mnyama bila kubishana bei. Martina alipoona hivyo akajua mumewe ana hofu kweli.

Kwa Mzee Cornel walipokewa kwa heshima ya baridi. Wazee wa ukoo waliitwa, watu wakakaa sebuleni. Masalu aliyezoea kusema juu ya kwato na pembe mbele ya umati alisimama akashika kofia yake, akakohoa.

"Ndugu zangu, mimi niliona damu," alisema. "Chooni. Nikaificha, mke wangu akaigundua. Nikapelekwa Mwanza, nikapimwa kwa mrija. Watu wa Didia wanadhani mrija ulipitia mdomoni. Haukupitia mdomoni."

Mama Agnetha aliinamisha macho kwenye khanga yake. Mzee mmoja alianza kukohoa akashindwa kuacha.

"Wakanitoa kinyama ambacho kingeweza kugeuka saratani. Daktari alisema nipunguze nyama, mimi nikasikia niache. Kosa ni la sikio langu. Mlipokuja, sikuwakataa. Niliogopa, nikawaogopea na ninyi. Naombeni mnisamehe, na vijana wasiumie kwa ajili ya tumbo langu."

Jinsi Martina alivyomnyamazia hakuitaja. Martina, aliyekuwa ameketi mkekani na mama wa nyumba, aligeuza uso upande wa dirisha.

Mabega ya Mzee Cornel yakaanza kutikisika, na watu wakaona anacheka. "Mzee mwenzangu," alisema, "mimi siku ile nilihesabu vifuniko. Nikasema labda kipo cha sita." Sebule nzima ikaangua kicheko, na mbuzi akapelekwa nyuma.

Mbuzi akiwa jikoni, Cornel alimchukua mwenzake wakaone karasha. Mashine ilikuwa inanguruma, mawe yanalia ndani ya pipa la chuma, huwezi kumsikia mtu asipokuja sikioni. Cornel alikuja sikioni.

"Ile damu. Ilikuwa nyekundu au nyeusi?"

"Nyekundu. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Masalu amenunua na kuuza ng'ombe wagonjwa ambao wenye mali walidai ni wazima. Uso wa mtu anayeuliza tu anaujua. "Tangu lini?" alisema.

Cornel alitazama mkanda wa mashine. "Tangu kabla ya Pasaka."

"Twende Mwanza. Nitakusindikiza."

"Huo mrija..."

"Si kitu!" Masalu alipiga kelele kushinda mawe. "Unalala kwa ubavu, unakunja magoti, wanaingiza kwa nyuma, huumii!"

Alikuwa hajajua kwamba fundi amezima mashine kwa ajili ya chakula cha mchana. Ule mwisho wa maneno uliingia kwenye ukimya mkubwa, na vijana wote wa karasha, weupe kwa vumbi la mawe, waligeuka wakatazama.

"Anazungumzia ng'ombe," alisema Mzee Cornel.

Walipokaa kula, Cornel alimsogezea Masalu sahani ya nyama ya mbuzi, akaona mwenzake anasita. "Kula, bwana. Babu zetu walikula nyama wakafika uzeeni wakiwa na meno."

Masalu alichukua kipande kimoja, akakishika. Alikuwa anafikiri. "Babu yangu alikuwa na zizi kubwa kuliko langu," alisema. "Lakini nikikumbuka vizuri, nyama tulikula ng'ombe akifa, au siku ya sherehe, au mgeni akija. Siku nyingine zote ilikuwa maziwa na haya haya majani. Mimi nilidhani nafuata mila. Kumbe mila yangu imeanzia kwa Edson."

Kisha akakila kile kipande, taratibu, na Martina anasema alifumba macho.

Mwanza walikwenda wote wanne. Mzee Cornel alipimwa, na hakukutwa na kinyama. Alikuwa na bawasiri, basi. Masalu alimpa hongera, lakini kwa sauti ya mtu aliyemzidi mwenzake jambo. Daktari Serafina alipoanza kueleza habari za chakula, Martina na Mama Agnetha walikuwa wameshavuta viti mbele, na walipotoka nje waliwasimamisha waume zao ukutani wakawataka warudie, mmoja baada ya mwingine, kila neno. Cornel alisahau matunda.

Harusi ilifanyika baada ya masika. Ng'ombe alichinjwa, na Masalu mwenyewe alisimamia masufuria, nyama ichemshwe isibabuke, akiwaudhi wapishi vya kutosha. Nsansa nayo ilikuwepo, na ikaisha kabla ya wali.

Siku hizi kwa Masalu nyama inapikwa Jumapili, na siku mgeni akija, kama enzi za babu yake. Ndiyo amri aliyojiwekea mwenyewe, na anaishika. Shida ni kwamba amekuwa mtu wa wageni sana. Jumanne anamkuta mtu mnadani anatoka Maswa, anamleta nyumbani. Alhamisi anamleta karani wa kijiji, ambaye nyumba yake inaonekana kutoka pale uani. Juzi alisimama barabarani, akamsimamisha kijana wa bodaboda aliyekuwa anauliza njia ya kwenda Tinde, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti kikubwa.

Martina alitoka jikoni akamtazama kijana, akamtazama mumewe.

"Huyu ni mgeni wa nani?"

"Mama Hosiana, mgeni ni mgeni," alisema Masalu.

Martina alimkaribisha kijana maji ya kunawa, akarudi jikoni. Alitoka na ugali na bakuli mbili. Ya kijana ilikuwa na nyama. Ya Masalu alikuwa ameijaza mgagani, na juu yake ameweka kipande kimoja, kidogo, cha kuchemsha.